Mara Ngapi?

Mtahiniwa wa kidato cha nne nchini Tanzania haruhusiwi kuingia na kikokotoo kwenye mtihani wa taifa wa Hisabati. Anaruhusiwa kijitabu cha majedwali. Akifika kidato cha sita, kama tahasusi yake ina hisabati ya juu, kikokotoo kinakuwa halali mradi kisiwe cha kuwekewa programu, na swali la kwanza la karatasi ya kwanza kwa kawaida ni la kukitumia. Nami nilipita njia hiyo hiyo. Logi nilizijua kwanza kwa rula na penseli juu ya jedwali, ndipo nikazijua kwa vitufe. Sasa mimi mwenyewe ni mwalimu, na wanafunzi wangu wengi wameshika kikokotoo cha simu kabla ya kuliona jedwali. Kuna jambo ambalo jedwali lilitufundisha bila kututangazia, na naona linapotea.

Jedwali la logi la tarakimu nne lina tabia moja ambayo kikokotoo hakina: linakupa nusu tu ya jibu. Ukitaka logi ya 4,763, unashuka mpaka mstari wa 47, unakwenda kulia mpaka safu ya 6, unasoma 6776. Kisha unahamia kwenye zile safu nyembamba za pembeni, chini ya 3 unakuta 3, unajumlisha, unapata 6779. Basi, jedwali limemaliza kazi yake. Halijui kama namba yako ilikuwa 4.763 au 4,763 au 476,300. Kwake zote ni moja. Namba nzima inayotangulia nukta unaitafuta mwenyewe. Unaitazama 4,763, unaona iko kati ya 1,000 na 10,000, yaani kati ya kumi kipeo cha tatu na kumi kipeo cha nne, unaandika 3, unaweka nukta, unamalizia na 6779. Mwanafunzi aliyekosea tarakimu ya mwisho alipishana na jibu kidogo tu. Aliyekosea ile namba nzima alipishana nalo mara kumi, au mara mia. Kwa hiyo tulizoea, kabla hata ya kufungua kijitabu, kujiuliza namba yetu ina ukubwa gani.

Kikokotoo kinatoa vyote kwa mpigo: 3.677880581. Tarakimu kumi, na swali la ukubwa halijaulizwa na mtu yeyote.

Mwalimu wetu wa kidato cha tano alikuwa mtu wa maneno machache na chaki nyingi. Tulipoleta vikokotoo darasani kwa mara ya kwanza, vingine vya kuazima, vingine vya kurithi kwa kaka na dada huku maandishi ya vitufe yamefutika nusu, aliandika ubaoni logi ya 50 katika kizio cha 7. Kizio, au besi kama tulivyozoea kuita. Tukaanza kutafuta. Kulikuwa na kitufe cha log, ambacho kizio chake ni 10, na kitufe cha ln, ambacho kizio chake ni ile namba e, karibu 2.71828. Cha saba hakikuwepo.

“Mwalimu, hapa hakuna logi ya saba,” mmoja wetu akasema.

“Vilazeni vifudifudi,” akajibu. Tulipovilaza akauliza: “Saba kwa saba mara ngapi ndiyo mfike hamsini?”

“Saba mara saba arobaini na tisa.”

“Kwa hiyo?”

“Mbili na kidogo, Mwalimu.”

“Kidogo kiasi gani?”

“Kidogo sana.”

Akaandika kwenye kona ya ubao, “2 na kidogo sana,” akaizungushia duara, ndipo akaturuhusu kuviinua.

Kilichofuata kilichukua mistari mitatu. Jibu tusilolijua tukaliita y. Kusema logi ya 50 katika kizio cha 7 ni y, ni sawa na kusema 7 kipeo cha y ni 50. Chukua logi ya kawaida pande zote mbili za mlinganyo. Kipeo kinashuka na kuwa kizidishi: y mara logi ya 7 ni logi ya 50. Gawanya, na y inabaki peke yake. Ni logi ya 50 kugawanywa kwa logi ya 7. Tukabonyeza. Logi ya 50 ni 1.69897, logi ya 7 ni 0.845098, na mgawanyo wake ni 2.01038. Lile duara kwenye kona ya ubao lilikuwa bado lipo, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba amepata.

Akatutaka turudie kwa ln. Juu tukapata 3.912023, chini 1.945910, na tulipogawanya likarudi jibu lile lile, 2.01038. Mwenzangu wa dawati alishangaa kwa sauti: namba zote mbili zimebadilika, jibu limekaa pale pale! Sababu ni kwamba ln ya namba yoyote ni log yake iliyozidishwa kwa 2.302585, ambayo ndiyo ln ya 10. Juu kumezidishwa, chini kumezidishwa kwa kiasi kile kile, na kugawanya kunakifuta. Fundi akipima kitenge kile kile kwa yadi, kisha kwa mita, anapata namba mbili, lakini ukimuuliza kitenge hiki ni mara ngapi ya kile, jibu ni moja kwa vipimo vyote viwili. Nilivyoelewa siku ile ndivyo ninavyoelewa mpaka leo: hakuna utitiri wa logi. Ipo moja, na vizio ni vipimo vyake. Mtengeneza kikokotoo hakutunyima kitu alipoweka vitufe viwili. Hata kimoja kingetosha.

Kisha, kwa kuwa kipindi kilikuwa cha dakika themanini, alitaka tuone wenzetu wa zamani walivyoumia. Tulifungua majedwali tena. Juu 1.6990, chini 0.8451. Kugawanya namba hizi kwa mkono ni kazi ndefu, na kazi ya kugawanya ndiyo hasa logi ziliyobuniwa kuiondoa. Basi tukatafuta logi ya logi. Logi ya 1.699 ni 0.2302. Logi ya 0.8451 huandikwa 1 yenye kistari juu yake, kisha nukta, kisha 9269, maana namba iko chini ya moja na sehemu nzima ni hasi wakati desimali ni chanya. Ukitoa, unabaki na 0.3033. Unageukia jedwali la kurudisha, unasoma 2010. Wapi nukta? Jedwali halisemi. Lakini duara kwenye kona ya ubao lilisema, 2.010. Sikuwahi tena kuiona kila tarakimu ikifika kwa jasho namna ile, na napenda mwanafunzi wa leo alipitie hata mara moja.

Swali la kwa nini 10 ndiyo iliyopewa kitufe chake nililisoma baadaye, na historia yake inanipendeza sana. John Napier, mwenye ardhi wa Merchiston karibu na Edinburgh, alichapisha majedwali yake ya logi mwaka 1614 baada ya kazi ya takriban miaka 20. Logi zake hazikuwa za kizio cha 10, na zilikuwa na usumbufu wake. Henry Briggs, aliyekuwa akifundisha jiometri Gresham College huko London, alisafiri mwaka 1615 mpaka Uskochi kumwona. Katika mazungumzo yao walikubaliana juu ya mfumo ambao logi ya 1 ni sifuri, na ambao hatimaye ulitupa logi ya 10 kuwa 1. Napier alifariki mwaka 1617. Mwaka huo huo Briggs alitoa logi za namba 1 mpaka 1,000, na mwaka 1624 akatoa kitabu kikubwa chenye desimali 14. Ili kufika huko alitafuta kipeuo cha pili cha 10, kisha kipeuo cha pili cha jibu, kisha cha jibu la jibu, akaendelea hivyo mara 54, kwa mkono. Namba alizoziruka zilijazwa na Adriaan Vlacq wa Uholanzi mwaka 1628.

Kumi ilichaguliwa kwa sababu ndiyo tunayoandikia namba. Katika kizio hicho sehemu nzima ya logi inaonekana kwa macho: hesabu tarakimu, punguza moja. Ni urahisi aliofanyiwa mtu mwenye kalamu. Kizio cha e nacho kina kazi yake kwenye hisabati ya mabadiliko, ambako milinganyo hutulia kikitumika. Mwaka 1972 kilipotoka kikokotoo cha kwanza cha kisayansi cha kubebwa mfukoni, HP-35, kilichouzwa Marekani kwa dola 395, vitufe vya log na ln vyote viwili vilikuwepo. Vimebaki hivyo mpaka kwenye vikokotoo tunavyonunua leo kwenye maduka ya vitabu.

Ninaposahihisha madaftari, makosa ya swali lile la logi ya 50 katika kizio cha 7 nayatambua kwa sura kabla sijasoma njia. Mwenye 0.854 amekokotoa logi ya 50 gawanya kwa 7, au ametoa logi moja kwenye nyingine, na yote mawili ni kitu kimoja. Amekumbuka kwamba logi na kugawanya vinahusiana, hakukumbuka ni kwa namna gani. Mwenye 0.873 ameweka log juu na ln chini, amepima kitenge kimoja kwa yadi na kingine kwa mita. Mwenye 1.772 ndiye anayenitia huruma, kwa sababu huyo anaijua kanuni. Vikokotoo vya matoleo mapya hufungua mabano vyenyewe ukibonyeza log. Mwanafunzi akiandika 50, asifunge mabano, akaendelea kugawanya kwa logi ya 7, mashine inaelewa kwamba anataka logi ya kila kilichofuata. Inagawanya 50 kwa 0.845 kwanza, inapata 59.16, kisha inachukua logi yake. Kwenye matoleo ya zamani, yasiyofungua mabano, mbonyezo ule ule ulitoa jibu sahihi. Basi mtoto aliyezoea kikokotoo cha dada yake akipewa kipya siku ya mtihani anaanguka kwa mabano yasiyofungwa.

Majibu yote matatu yako chini ya 2, na saba mara saba ni arobaini na tisa. Aliyejiuliza swali la mwalimu wangu angeyakataa yote kwa kuyaangalia tu, bila kujua kosa liko wapi, kisha angerudi kulitafuta. Hii ndiyo sababu nawadai wanafunzi wangu waandike sehemu nzima pembeni kabla ya kugusa kitufe. Wengine huona nawachelewesha. Naamini bila wasiwasi kwamba sehemu nzima ya logi inapaswa kutoka kichwani na desimali zitoke kwenye kifaa.

Nje ya darasa, logi za kizio cha ajabu zilinifuata nyumbani. Mama yangu mdogo alikuwa akifikiria kuchukua laki mbili kwa mmoja wa wakopeshaji wa mtaani, ile mikopo watu wanayoiita kausha damu. Riba asilimia 10 kwa mwezi, na isipolipwa inaingia kwenye deni na yenyewe inazaa.

“Mwanangu, wewe si ndiye wa hesabu,” aliniambia. “Elfu ishirini kwa mwezi mbona naona ni ndogo.”

“Ni ndogo mwezi wa kwanza, mama mdogo.”

“Nikikwama kabisa, lini itafika laki nne?”

Swali lake, ukiliondolea shilingi, ni logi ya 2 katika kizio cha 1.1. Kila mwezi deni linazidishwa kwa 1.1, mara ngapi mpaka liwe maradufu? Kichwani kwanza: kama riba isingezaa, elfu ishirini zingefika laki mbili baada ya miezi kumi. Kwa kuwa inazaa, ni chini ya kumi. Nikachukua simu. Logi ya 2 ni 0.30103, logi ya 1.1 ni 0.0413927, mgawanyo ni 7.27. Mwezi wa saba deni lingekuwa shilingi 389,743, na mwezi wa nane 428,718. Nilimwandikia namba hizo nyuma ya bahasha, mwezi kwa mwezi, kwa sababu 7.27 peke yake haimwambii kitu mtu anayepanga mauzo ya vitumbua.

Kilichomshtua si laki nne. Aliuliza kama akikopa elfu hamsini tu itachukua muda mrefu zaidi kuwa maradufu. Nikamwambia hapana, ni miezi ile ile saba na siku kadhaa, kwa sababu kiasi cha mkopo hakimo kabisa kwenye mgawanyo. Kilichomo ni 2 na 1.1 basi. Na miezi mingine kama hiyo ikipita, maradufu inarudia juu ya maradufu. Alinyamaza akiitazama ile bahasha. Mwisho aliamua kusubiri zamu yake ya upatu, na mimi nikaondoka nikijua kwamba alikuwa ameelewa kanuni ya kubadili kizio kuliko wengi waliowahi kuiandika kwenye mtihani.

Tangu hapo nimeacha kuwapa wanafunzi vizio vya 3 na 5 peke yake. Nawapa sensa. Mwaka 2012 Tanzania ilihesabiwa watu 44,928,923, na mwaka 2022 watu 61,741,120, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa mwendo huo, lini tutakuwa maradufu? Ni logi ya 2 katika kizio cha 1.032, inayotoka karibu miaka 22. Kuna anayeinua mkono kila mwaka kuuliza kama kizio kinaruhusiwa kuwa na desimali. Kinaruhusiwa kuwa namba yoyote chanya isipokuwa 1, kwa sababu moja ukiizidisha kwa moja mpaka uchoke itabaki moja. Jaribu kugawanya kwa logi ya 1, ambayo ni sifuri, uone kikokotoo kinavyokataa.

Hata chini ya moja kinaruhusiwa. Kaboni 14 inayobaki kwenye mti uliokufa hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730, na ukikuta imebaki asilimia 30, umri wake ni logi ya 0.3 katika kizio cha 0.5, mara 5,730. Hapo logi zote mbili ni hasi, −0.5229 na −0.3010, na nimeona wanafunzi wazuri wakisita wanapoona alama ya kutoa ikitokea mara mbili. Hasi kwa hasi ni chanya: 1.737, karibu miaka 9,950. Kichwani ilishajulikana kwamba ni zaidi ya nusu moja na haijafika nusu ya nusu, maana 0.3 iko kati ya 0.5 na 0.25.

Siku hizi baadhi ya vikokotoo vina kitufe cha logi chenye kisanduku kidogo cha kuandikia kizio chochote unachotaka. Sivikatazi, maana jibu lake ni lile lile na mabano hayamsumbui mtu. Kwenye kompyuta pia mambo yamerahisishwa, ila inabidi kuwa macho: katika lugha nyingi za programu neno log lina maana ya ln. Ukiiagiza Python ikupe logi ya 125 katika kizio cha 5, inafanya mgawanyo ule ule wa ubaoni, na kwa sababu ya kukatwa kwa tarakimu ndani ya mashine inakujibu 3.0000000000000004. Mwanafunzi mmoja aliniletea jibu hilo akiwa na mashaka ya kweli kama ni tatu au siyo. Nilimuuliza tano mara tano mara tano ni ngapi, akacheka, akakaa.

Mwingine, binti wa kidato cha tano ambaye huwa hazungumzi sana, alikuja mbele baada ya somo akiwa na kikokotoo mkononi. Alikuwa amepata 2.01038 kwa logi ya 50 katika kizio cha 7, kisha kwa udadisi wake akabonyeza kitufe cha kupindua namba na kupata 0.49742. Aliuliza kama hiyo nayo ni logi ya kitu. Sikumjibu. Nilimrudishia sehemu yake, logi ya 50 juu ya logi ya 7, nikamwambia aipindue kwenye karatasi. Aliipindua, akaiangalia, akasema ni logi ya 7 katika kizio cha 50. Kisha, kabla sijauliza chochote, akaongeza kwamba ni lazima iwe karibu na nusu na isifike nusu yenyewe, kwa sababu saba ni ndogo kidogo tu kuliko kipeuo cha pili cha hamsini.